Kusafisha picha za MRI na eksirei za goti kwa akili mnemba: ipi inasaidia, ipi inapotosha?

Kibirizi_Picha (Kigoma)

Wakuu, habari za kazi. Naomba maelekezo kwa wanaozifahamu picha za viungo.

Hapa Kigoma mgonjwa wa goti huanza na eksirei ya CR, ile inayopigwa kwenye bamba ndani ya kaseti kisha mashine hulisoma na kutoa picha ya kidijitali. Akihitaji MRI anasafiri nje ya mkoa na kurudi na CD mkononi. CD nyingi zinazotufikia ni za mashine ya wazi yenye sumaku ya 0.3 T (tesla, kipimo cha nguvu ya sumaku). Slaisi (vipande vya picha) zina unene wa mm 4, kati ya slaisi na slaisi pana pengo la mm 1, picha imejaa chenga (punje punje za ovyo), na meniskasi, yaani gegedu la mto kati ya mifupa ya goti, inaonekana kama kitu kilicho nyuma ya pazia. Mtu wa Kakonko au Kibondo huwezi kumwambia arudi akapigwe tena, nauli ya kwanza yenyewe ilichangwa na ukoo.

Zipo programu za akili mnemba zinazoondoa chenga, zinazoongeza pikseli, na zinazotengeneza slaisi za katikati ili hatua ya mm 5 igeuke mm 1. Nikizipitisha picha za CD humo kabla daktari wa mifupa hajazisoma, namsaidia au namharibia? Na eksirei za CR nazo zinafaidika? Kompyuta iliyopo ina kadi ya michoro ya GB 8 na RAM ya GB 16.

FundiSumaku

Mkuu, hizo ni kazi tatu, na hatari zake hazilingani hata kidogo.

Anza na swali la akili mnemba inaingia wapi. Mashine ya MRI hukusanya ishara za redio, ambazo ndizo data ghafi, kisha kompyuta yake huzigeuza kuwa picha. Programu zenye matokeo mazuri kwenye tafiti hufanya kazi hapo katikati, picha ikiwa bado haijazaliwa. Mradi wa fastMRI wa NYU Langone na watafiti wa akili mnemba wa Facebook, uliotangazwa 2018, uliachia data ghafi ya magoti kwa watafiti wote. Mwaka 2020 wakatoa matokeo ya wagonjwa 108 waliopigwa kwenye mashine ya 3 T: picha zilizojengwa kwa data iliyopunguzwa mara 4 zilisomeka sawa na za kawaida. Watengenezaji wa mashine nao wameweka kitu cha aina hiyo ndani ya mashine zao, kama AIR Recon DL ya GE na Deep Resolve ya Siemens. Hizo zote zinaona ishara zenyewe, na zinajua kipi kilipimwa na kipi hakikupimwa.

CD yako haina data hiyo. Ina picha iliyokwisha pikwa: imechujwa, imetanuliwa, pengine imebanwa. Sifa za fastMRI usizihamishie huko.

Sasa kazi moja moja. Kuondoa chenga ndiko pekee ninakokuunga mkono kwenye CD, kwa masharti nitakayoyataja. Kuongeza pikseli kwenye goti la 0.3 T sikushauri. Mashine ikipimwa kwa mistari michache, kingo za meniskasi hutoa vimstari sambamba na uso wake, mithili ya mawimbi kando ya jiwe lililotupwa majini. Kwenye picha yenye ukungu vimstari hivyo vimefifia, na msomaji mzoefu huvipuuza. Programu ya kuongeza ukali haijui kwamba ni mawimbi. Huvikaza, na mstari uliokaza ndani ya meniskasi msomaji atauita mchaniko.

Kutengeneza slaisi za katikati, tafadhali acha kabisa. Wasomaji wa goti wana kanuni: ishara nyeupe iguse uso wa meniskasi kwenye slaisi mbili au zaidi ndipo mchaniko utajwe kwa uhakika. Ikigusa kwenye moja tu, anaandika "huenda". Sasa chukua slaisi moja yenye doa, programu ikatengeneza nne za kujaza pengo kati yake na jirani yake. Doa lile lile linarudiwa kwenye slaisi mbili tatu, na kanuni inatimia kwa ushahidi wa uongo. Mgonjwa anaweza kufunguliwa goti kwa slaisi ambazo hakuna mashine iliyowahi kuzipima. Kinyume chake nacho kipo. Mchaniko mdogo uliolala ndani ya lile pengo la mm 1 haukupimwa, na programu itakuchorea hapo meniskasi nzima, safi, isiyo na dosari.

Jambo jingine linalosahauliwa ni uelekeo wa sumaku. Kwenye mashine ya wazi sumaku husimama wima, kwenye mashine ya bomba hulala sambamba na mwili. Kano ikiwa kwenye pembe ya karibu digrii 55 na sumaku hung'aa kwa uongo, hasa kwenye sikwensi (aina za upigaji wa MRI) zenye TE fupi, yaani muda mfupi wa kusubiri ishara, kama T1 na PD. Kwa hiyo sehemu zinazong'aa kwenye mashine ya wazi siyo zile za mashine ya bomba. Programu iliyofundishwa kwa picha za bomba za 1.5 T na 3 T ikikutana na mng'ao mahali isipopazoea, inaweza kuufuta au kuukuza. Uliza programu yako ilifundishwa kwa sumaku gani. Wasipokujibu, tayari umepata jibu.

Mwanaisevya (Tabora)

Upande wa eksirei nitie neno, maana ndicho kipimo kinachowafikia watu wengi wa Kigoma na Tabora, na ndiko tunakoweza kupata faida kubwa bila kununua chochote.

Goti linalodhaniwa kusagika lipigwe mgonjwa akiwa amesimama. Akilala, uzito haushuki, nafasi kati ya fupa la paja na muundi inaonekana pana, na programu inayotoa daraja la kusagika la Kellgren na Lawrence, lile la 0 hadi 4 la mwaka 1957, itampa daraja la chini asilostahili. Kama anaweza, ongeza picha ya kutoka nyuma kwenda mbele: magoti yamekunjwa digrii 45, yamegusa kaseti, mwale umeinamishwa digrii 10 kuelekea miguuni. Gegedu linalobeba uzito goti likiwa limekunjwa liko nyuma zaidi, na huko ndiko linakoisha mapema kwa wengi. Kwa goti la kawaida bila gridi (wavu wa kuzuia mionzi iliyotawanyika) anzia kV (nguvu ya mwale) 60 hadi 65 na mAs (kiasi cha mionzi) 4 hadi 6 kwa umbali wa sentimita 100, kisha rekebisha kwa namba ya mwanga ambayo CR inakuonyesha. Goti likizidi unene wa sentimita 10, weka gridi na uongeze mAs.

Usibane magoti mawili kwenye kaseti ya 35×43 kama shida iko kwenye moja. CR nyingi huisoma kaseti kubwa kwa pikseli pana kuliko ya 18×24, na huo ukali ulioupoteza hakuna programu itakayokurudishia.

Halafu kaseti zenyewe. Iliyokaa zaidi ya saa 24 ifutwe kabla ya kutumika, la sivyo inabeba mionzi ya mazingira na picha inaanza na ukungu. Kwenye CR, chembe ya vumbi juu ya bamba hutoa nukta nyeupe. Ikiangukia ndani ya kiungo itasomwa kama kipande cha mfupa kinachoelea. Uchafu kwenye kioo cha kupokea mwanga ndani ya mashine inayosoma kaseti huacha mstari mweupe mrefu kufuata njia ya bamba, na huo hurudi mahali pale pale kwenye kila picha. Msimu wa kiangazi vumbi la huku mnalijua. Safisha mabamba kila wiki kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi na dawa iliyoelekezwa na mtengenezaji.

Tahadhari kuhusu ukali: CR yako tayari inakaza kingo kabla hujaiona picha. Ukiikaza tena kwa akili mnemba, skrubu au bamba la chuma litazungukwa na utepe mweusi. Daktari ataona skrubu imelegea, kumbe iko imara. Kwa picha zenye vyuma, usipitishe programu yoyote ya kukaza.

Na msichanganye kusafisha picha na kutafuta mvunjiko. OsteoDetect, iliyoruhusiwa Marekani Mei 2018, inatafuta mvunjiko wa kifundo cha mkono kwa mtu mzima. Kuruhusiwa kwake kwa kifundo hakusemi lolote kuhusu goti.

Kibirizi_Picha

Nashukuru sana, ndugu zangu. FundiSumaku, umesema kuondoa chenga kunawezekana kwa masharti. Nimefungua DICOM (mafaili ya picha yenye maelezo ya upigaji) za CD mbili. Ya kwanza: Rows na Columns 512, Acquisition Matrix 256 kwa 192, Pixel Spacing 0.35, Number of Averages 2. Ya pili inafanana, ila Lossy Image Compression imeandikwa 01. Sikwensi ni T1, PD na STIR, ile inayozima ishara ya mafuta.

FundiSumaku

Umeangalia mahali penyewe. Tuzisome pamoja.

Pikseli 0.35 mara 512 ni eneo la karibu mm 180. Lakini kilichopimwa ni 256 kwa 192, kwa hiyo pikseli ya kweli ni mm 0.70 kwa 0.94. Hizo 512 ni picha iliyotanuliwa na mashine. Chenga iliyotanuliwa haibaki punje punje, inakuwa mabaka laini ya pikseli mbili tatu, na programu nyingi za kuondoa chenga huyaona mabaka hayo kama tishu. Ndiyo maana picha inatoka ina sura ya nta. Dawa yake: irudishe 256 kwanza kwa kuchukua pikseli moja na kuruka moja, kwa safu na kwa nguzo. Kama mashine haikusahihisha umbo wala kuchuja baada ya kutanua, hizo ni thamani zile zile ambazo picha ya 256 ingekuwa nazo. Ondoa chenga hapo, kisha ndipo utanue kwa kuangalia.

CD ya pili iache ilivyo. Ile 01 maana yake picha ilibanwa kwa kupoteza taarifa. Ubanaji wa JPEG hukata picha kwenye miraba ya pikseli 8 kwa 8, na programu ya kusafisha huigeuza mipaka ya miraba kuwa mistari. Omba CD nyingine isiyobanwa. Kituo kilichopiga kinaweza kuwa nayo kwenye hifadhi yake.

Masharti sasa. Kila baada ya kusafisha, toa kwa hesabu thamani za picha ya asili kwenye za iliyosafishwa, ukuze tofauti mara 10 uitazame. Ikiwa unaona chenga tupu, sawa. Ukiona umbo la meniskasi, ukingo wa gegedu au mstari wa ACL (kano inayokatiza katikati ya goti), programu imefuta mwili wa mgonjwa pamoja na chenga. Punguza nguvu yake hadi umbo litoweke kwenye tofauti. Pengine utabaki na nguvu ndogo kiasi kwamba faida yake ni macho kutochoka tu. Hiyo nayo ni faida halali, ikubali na usiidai zaidi.

Kisha jaribu uthabiti: sogeza picha pikseli moja pembeni, au ongeza chenga kidogo, upitishe tena. Mwaka 2020 mtafiti Vegard Antun na wenzake walionyesha kwamba mitandao ya kujenga picha inaweza kuyumba vibaya kwa badiliko dogo ambalo jicho halilioni. Goti lile lile likitoa meniskasi mbili tofauti, programu hiyo usiiweke mbele ya daktari.

Lakini kama kweli unataka kuwasaidia watu wa Kigoma, nguvu zako zipeleke kwenye fomu ya rufaa kabla mgonjwa hajapanda gari. Andika unachoomba: koili ya goti (antena inayolizunguka), slaisi mm 3, pengo lisizidi mm 0.3, slaisi zipigwe kwa kupishana ili zisisumbuane, mistari ya upande wa phase (ile namba ya pili kwenye Acquisition Matrix) isipungue 192, goti likunjwe kidogo ili ACL inyooke. Kuzima mafuta kuwe kwa STIR. Kwenye 1.5 T maji na mafuta hutofautiana kwa karibu Hz 224, lakini kwenye 0.3 T ni Hz 45 tu, kwa hiyo njia ya kuzima mafuta kwa masafa haiwezi kuyatenga. TI ya STIR (muda wa kusubiri ishara ya mafuta ififie) nayo isinakiliwe kutoka 1.5 T, ambako ni milisekunde 150 hadi 170. Kwenye sumaku ndogo ni fupi zaidi, na ikikosewa mafuta yanabaki meupe na kuficha uvimbe wa mfupa.

Watakuambia mm 3 zinaleta chenga, na ni kweli. Kutoka mm 4 hadi 3 ishara inabaki robo tatu. Kuirudisha kwa NEX pekee (idadi ya marudio ya kupima, ile Number of Averages), kutoka 2 uende 4: mzizi wa 2 ni 1.41, mara 0.75 ni 1.06, umerudi ulipokuwa. Gharama yake ni muda mara mbili. Sikwensi ya dakika 4 inakuwa 8, na mgonjwa mwenye goti linalouma hatulii dakika 8. Hapo ndipo akili mnemba inapata kazi ya heshima. Piga NEX 3 kwa dakika 6, ishara inakuwa 0.92 ya mwanzo, na hicho kiasi kidogo cha chenga kilichoongezeka kiondolewe na programu. Slaisi nyembamba imepimwa kweli, akili mnemba imelipa deni dogo la muda. Na kama mashine ina programu yake inayofanya kazi kwenye data ghafi, waombe wawashe hiyo badala ya kusafisha baadaye.

Hifadhi_Tbr

Upande wa mafaili. Usiandike juu ya picha ya asili hata mara moja. Iliyosafishwa iwe mfululizo mpya: Series Instance UID (namba ya utambulisho ya mfululizo) mpya, SOP Instance UID mpya kwa kila picha, Image Type ianze na DERIVED, na Series Description itaje jina la programu, toleo na kiwango cha nguvu. Daktari afungue zote mbili kando kwa kando. Weasis inatosha kwa kusoma, na Orthanc inatosha kuwa hifadhi ndogo ya hospitali. Uchunguzi wa goti wenye sikwensi 5 za picha 24, kila picha 512 kwa 512 kwa baiti 2, ni karibu MB 60. GB 8 za kadi yako zinaweza kuchakata picha slaisi kwa slaisi bila shida, zitaelemewa ukilazimisha ujazo mzima kwa mpigo. Weka UPS, maana umeme ukikatika katikati ya kuandika utabaki na mfululizo wenye picha pungufu, na msomaji hatajua kama slaisi imekosekana. Hesabu picha kila mara: zilizoingia 24, zilizotoka 24.

Kuhusu tovuti za kupakia picha zisafishwe huko nje: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya ni nyeti chini ya sheria hiyo. Kupakia ni kusafirisha taarifa za mgonjwa nje ya nchi. Kufuta jina kwenye sehemu ya 0010,0010 ya faili la DICOM hakutoshi. Kuna namba ya mgonjwa 0010,0020, tarehe ya kuzaliwa 0010,0030, namba ya uchunguzi 0008,0050, na jina lililochomwa ndani ya picha yenyewe, hasa kwenye ultrasaundi na eksirei zilizopigwa upya kwa skana. Chakata hapo hapo kwenye kompyuta yako. Na kwa kuwa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania, ndiyo inayosimamia vifaa tiba, uongozi wa hospitali uwaulize kabla programu haijaingia kwenye kazi ya kila siku.

Picha ya skrini iliyotumwa kwa WhatsApp usiiguse na programu yoyote. Imebanwa, imepunguzwa, na mwanga wake umebaki ngazi 256 kati ya maelfu yaliyokuwamo kwenye DICOM.

Kibirizi_Picha

Fomu ya rufaa naibadilisha. Swali moja la mwisho: kabla ya kumwekea daktari, naweza kuijaribu programu bila kutumia goti la mgonjwa?

FundiSumaku

Unaweza, na vifaa vyote viko Kigoma. Tengeneza fantomu, yaani kielelezo cha kupimia badala ya mgonjwa, uwape kituo kinachopiga MRI, waipige kwa sikwensi zile zile za goti.

Chemsha maji lita 1 kwa dakika 10, funika, yapoe kabisa. Kuchemsha kunatoa hewa; usipochemsha, viputo vitakaa kwenye nyuzi na kila kiputo kitaonekana kama shimo kubwa jeusi. Tia mrututu gramu 1, ili maji yarudishe ishara haraka, na chumvi gramu 4, koroga polepole bila kutoa povu. Chukua mshipi wa nailoni wanaotumia wavuvi, unene mm 0.3, 0.5, 0.8 na 1.0. Unene umeandikwa kwenye kigurudumu chake. Ufunge kwenye fremu ya plastiki isiyo na skrubu ya chuma, nyuzi mbili mbili za kila unene, umbali kati yao ulingane na unene wa uzi. Zamisha kwenye chupa pana ya plastiki yenye upana wa goti, jaza hadi juu, kaza kizibo ndani ya maji yenyewe. Iandike wazi kuwa ni sumu, isikae karibu na watoto. Iache chumba cha mashine angalau saa 2 maji yatulie, kwa sababu maji yanayozunguka huleta vivuli.

Nyuzi zikatwe na slaisi kwa pembe mraba, zionekane kama nukta nyeusi kwenye maji meupe. Kwa pikseli yako ya mm 0.70 kwa 0.94, nyuzi za mm 0.3 na 0.5 hazitatenganika kwenye picha ya asili. Kila jozi itakuwa kivuli kimoja. Ya mm 1.0 itatenganika kwa taabu. Sasa pitisha programu. Ikiitenganisha jozi ya mm 1.0 vizuri zaidi na kuiacha ya mm 0.3 kama kivuli, inafanya kazi yake. Ikikuletea nukta mbili safi za mm 0.3, imezibuni, na itabuni vivyo hivyo kwenye meniskasi. Geuza chupa digrii 10 na urudie, maana nyingine hufaulu nyuzi zikiwa zimenyooka na safu za pikseli tu.